Ametumwa, Hajapotea

SOMO LA WIKI
Maandiko ya kusoma: Matendo 13:1-4, Matendo 14:24-28, Luka 10:1, 17-20, Wafilipi 2:25-30 na 4:10-18, Kutoka 28:9-12



Somo hili nililifundisha katika ibada ya Jumatano, na baadhi yenu mkaniomba niliandike ili wale ambao huwa kazini jioni walipate pia. Nimeliandika karibu vile nilivyolisema. Jina la dada mmoja sikulitaja siku ile na silitaji hapa, wala nchi anakotumika. Sababu mtaiona huko mbele.

Najua ukisikia somo linahusu rejista ya washirika kwenye kompyuta utasema, "Mchungaji, hiyo ni kazi ya ofisi, sisi tupe Neno." Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini vumilia kidogo. Neno moja lililoandikwa kwenye kompyuta ya kanisa hili lilimliza mtumishi wa Mungu aliye ng'ambo, na aliyesababisha liandikwe ni mimi.

NILIVYOSAFISHA ORODHA

Wengi mnajua nilisomea biashara chuo kikuu kabla ya kuitwa katika huduma. Nilipoletwa hapa kama mchungaji msaidizi, kazi ya kwanza niliyopewa haikuwa mimbari. Ilikuwa kabati. Ndani yake mlikuwa na vitabu vya kaunta, vile vyenye jalada gumu, tangu kanisa likiwa bado kwenye hema. Kulikuwa pia na faili za Excel ambazo makatibu watatu walikuwa wamezijaza, kila mmoja kwa mtindo wake. Ndugu mmoja ameandikwa mara nne. Mama mmoja aliyelala katika Bwana bado anatumiwa meseji za kumkumbusha kesha.

Nikaingiza kila kitu katika programu moja. Halafu nikafanya nilichofundishwa darasani. Biashara yoyote hutaka kujua ni mteja gani bado yuko na ni yupi ameacha kuja. Nikaweka kanuni tatu. Mshirika asipoonekana kwenye kikundi cha nyumbani kwa miezi sita, asipotoa fungu la kumi kupitia nambari yetu ya M-Pesa kwa miezi sita, na simu yake isipopatikana, basi kompyuta yenyewe imwandike "Hayupo". Usiku mmoja nikabonyeza, na asubuhi orodha ikawa safi. Nikawaonyesha wazee wa kanisa mchoro wa duara wenye rangi. Wakanipigia makofi. Na tuseme ukweli, nilijisikia vizuri.

Kati ya majina yaliyohamishwa usiku ule lilikuwemo la dada yetu mmoja ambaye tulimtuma sisi wenyewe kwenda kuitangaza Injili ng'ambo. Siku tuliyomwekea mikono, baadhi yenu mlilia. Sasa angalia zile kanuni zangu. Kikundi cha nyumbani: angekujaje, na yuko ng'ambo? Fungu la kumi: alikuwa akitoa katika kusanyiko dogo analolihudumia kule, na ndivyo tulivyokubaliana naye. Simu: laini yake ya Kenya ilikuwa imezimwa kwa kukaa muda mrefu bila kutumika. Kila kipimo nilichoweka kilikuwa cha mtu aliyebaki nyumbani. Yeye aliyetii akaenda, alifeli vyote vitatu.

Miezi michache baadaye mamake akafariki huko kijijini. Kakake akapiga simu ofisini kutujulisha. Katibu wetu, ambaye ni mtu mwaminifu sana, akafungua kompyuta. Ikamwambia "Hayupo". Utaratibu wa kamati yetu ya misiba ni kwamba tunasimama na washirika walio kwenye orodha. Basi akajibu kwa upole, akasema pole sana, tutaomba, lakini huyo si mshirika wetu tena. Katibu hakukosea. Alisoma kile nilichoandika.

Hakuna gari lililotoka hapa kwenda mazishini. Akina mama hawakwenda kukaa na wafiwa. Kwaya haikwenda. Mchungaji mkuu hakujua, na mimi sikujua. Dada yetu hakuweza kusafiri kwa sababu ya nauli na muda, kwa hiyo alifuatilia mazishi ya mamake kwa simu iliyoshikwa juu na binamu yake, mtandao ukikatika na kurudi. Baada ya siku kadhaa akaniandikia. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mchungaji, binamu alipozungusha simu nilikuwa nikitafuta mtu mmoja wa kwetu. Nilidhani labda mmekaa upande ule mwingine."

Wapendwa, nilisoma meseji ile nikiwa kwenye matatu, nikashuka kabla ya kufika nilikokuwa nikienda.

DAFTARI LA MZEE

Mimi na mchungaji mkuu tulikwenda kule kijijini, miezi miwili baada ya mazishi. Babake alitupokea vizuri. Tukaandaliwa chai. Tulipomaliza kuomba msamaha, mzee hakujibu neno. Aliingia ndani akarudi na daftari la shule, lile la mistari, ambalo familia ilikuwa imeandika waliokuja na waliochanga wakati wa msiba. Mnayajua madaftari hayo, kila boma linayo. Akafungua ukurasa wa kwanza. Mstari wa kwanza ulikuwa wa ukoo, wa pili wa majirani. Mstari wa tatu alikuwa ameandika jina la kanisa letu. Aliliandika mapema, siku ile ile ya kifo, kwa sababu alijua tutakuja. Na mbele yake hakukuwa na kitu.

Mzee yule hana kompyuta, lakini katika daftari lake kanisa letu lilikuwa limewekewa nafasi. Kwangu mimi mwenye programu na nywila, binti yake hakuwa na nafasi.

Mchungaji mkuu akatoa bahasha. Mzee akanipa kalamu, akasema, "Andika wewe mwenyewe. Lakini weka tarehe ya leo, si ya siku ile." Nikaandika tarehe ya siku hiyo. Bado najifunza kutoka kwa jambo hilo. Kumbukumbu nzuri ni ile inayosema kweli, hata pale ambapo kweli inatuaibisha.

ANTIOKIA HAWAKUFUTA MTU

Sasa tufungue Neno. Katika Matendo 13 Luka anatupa orodha ya manabii na walimu waliokuwa Antiokia. Ni watu watano, na kila mmoja ametajwa: Barnaba, Simeoni aliyeitwa Nigeri, Lukio wa Kirene, Manaeni, na Sauli. Roho Mtakatifu akawataka wawili kati yao. Kanisa likafunga, likaomba, likaweka mikono, likawaachilia waende.

Nikiwa na kompyuta yangu kule Antiokia, baada ya miezi sita Barnaba na Sauli wangekuwa "Hayupo". Hawaji ibadani, hawapo kwenye kikundi, hawajatoa sadaka. Lakini soma mwisho wa sura ya 14. Walipomaliza kazi walirudi pale pale walipokabidhiwa kwa neema ya Mungu. Wakalikusanya kanisa, wakaeleza yote ambayo Mungu alifanya, kisha wakakaa na wanafunzi kwa muda si haba. Ukienda sura ya 18, Paulo anarudi Antiokia tena baada ya safari nyingine. Kwa nini kila mara Antiokia? Kwa sababu kule kulikuwa kwao. Kutumwa hakukuwaondoa katika ushirika. Walikuwa washirika walio kazini.

Hapa ndipo kanuni yangu ilipokosea. Kompyuta ilikuwa na majibu mawili tu, yupo au hayupo. Biblia ina jibu la tatu: ametumwa.

Tazama pia Wafilipi. Paulo anawashukuru kwa sababu alipoondoka Makedonia wao peke yao ndio walioshirikiana naye katika hesabu ya kutoa na kupokea. Sisi tuliosomea biashara tunayapenda maneno hayo, maana ni lugha ya vitabu vya fedha. Anakumbuka hata kwamba alipokuwa Thesalonike walimtumia msaada zaidi ya mara moja. Mtume aliyejaa Roho alikuwa na kumbukumbu ya nani alitoa, akiwa wapi, mara ngapi. Kwa hiyo usiniambie kuandika ni kukosa imani.

Kisha kuna Epafrodito, ambaye Wafilipi walimtuma apeleke msaada na kumhudumia Paulo. Aliugua karibu na kufa. Habari zikafika nyumbani, na yeye akahuzunika alipojua kwamba wamesikia. Ona jinsi habari zilivyokwenda na kurudi: kanisa lilijua mtu wao ni mgonjwa, na mgonjwa alijua kanisa linajua. Hawakuwa na simu, na yote hayo yalitembea kwa miguu na kwa mashua. Sisi tulio na intaneti mfukoni hatukujua kuwa mama mzazi wa mmishenari wetu amefariki.

MAJINA MABEGANI NA MAJINA YA KUJIVUNIA

Kuna namna mbili za kuandika majina ya watu wa Mungu. Katika Kutoka 28 Mungu anaagiza majina ya wana wa Israeli yachorwe juu ya mawe mawili ya shohamu, sita kwa sita, na Haruni ayabebe mabegani mbele za Bwana. Kisha kuna mawe mengine kumi na mawili kifuani. Kuhani hakuingia na jumla. Hakusema, "Bwana, tuko wengi." Aliingia na majina, juu ya mabega mahali pa mzigo na juu ya kifua mahali pa moyo.

Namna ya pili iko 2 Samweli 24, ambapo Daudi anahesabu watu ili ajue nguvu zake. Hata Yoabu, ambaye hatumjui kwa utakatifu, aliona jambo hilo si sawa. Hesabu ile ilimletea Daudi msiba.

Nilijiuliza, mchoro wangu wa duara ulikuwa upi kati ya hizi mbili? Nilitaka orodha safi ili ripoti ipendeze. Sikumbeba mtu yeyote begani. Ndugu yangu unayesimamia orodha yoyote, iwe ya kwaya, ya akina baba au ya Shule ya Jumapili, jiulize hivyo hivyo. Unaandika majina ili uwatunze watu, au ili uonekane una watu?

TULIVYOREKEBISHA

Toba bila matendo ni maneno tu, kwa hiyo nawaeleza tulichobadilisha, na mnaruhusiwa kutuuliza kama tunakifuata.

Kwanza, hali ya mshirika. Sasa kwenye rejista kuna "Yupo", "Ametumwa", "Yuko safarini", "Amehama" na "Hatujampata". Neno "Hayupo" tulilifuta. "Ametumwa" huandikwa baada ya wazee kukubaliana na mtu kuwekewa mikono, na tarehe yake inawekwa. Kompyuta haiwezi kulibadilisha yenyewe. Wanahitajika watu wawili, na lazima mmoja wao awe amezungumza na mmishenari mwenyewe. "Yuko safarini" ni kwa ndugu walio masomoni ng'ambo, na wale walio Saudi Arabia, Qatar na kwingineko kwa kazi. Hatukuwawekea mikono, lakini ni wetu, na wengi wao wanamshuhudia Kristo katika mazingira magumu. Na "Hatujampata" inatukumbusha kwamba jukumu la kutafuta ni letu. Mchungaji wa Luka 15 hakuandika kwamba kondoo mmoja ameacha kuja.

Pili, mawasiliano yana tarehe. Nambari ya simu pekee haitoshi, lazima iandikwe ilithibitishwa lini. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni ya simu inaweza kuizima na baadaye kuiuza kwa mtu mwingine. Kwa hiyo ile meseji yako ya "Dada, tunaombea ile shida uliyotuambia" inaweza kusomwa na mtu usiyemjua. Kila baada ya miezi mitatu mlezi wa mmishenari anathibitisha nambari, barua pepe na mahali anapokaa. Tunaandika pia tofauti ya saa. Saa sita mchana hapa kwetu ni saa kumi jioni kule Bangkok. London wao husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka, hivyo tofauti huwa saa mbili wakati mwingine na saa tatu wakati mwingine. Mpendwa, usimpigie mtumishi saa nane ya usiku ukamwambia umesukumwa na Roho.

Tatu, watu wa nyumbani. Hapa ndipo tulipoanguka zaidi. Rekodi ya mmishenari sasa ina sehemu ya wazazi wake na ndugu zake walio Kenya: wanaishi wapi, simu ya nani ipigwe, na ni kikundi gani cha nyumbani au kanisa gani jirani linaloweza kufika kwao haraka. Mtu akienda kwa ajili ya Injili, mamake anakuwa mametu. Simu ikija kutoka kwa familia ya mtu aliyetumwa, katibu hahitaji kutafuta ruhusa. Anapiga kwa mchungaji saa hiyo hiyo.

Nne, tarehe za hatari. Pasipoti yake inaisha lini? Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na angalau miezi sita kabla ya kuisha, na kwa aliye mbali na ubalozi wetu, kuibadilisha kunaweza kuwa safari ya kuvuka mpaka. Kibali chake cha kukaa kinaisha lini? Bima ya matibabu je? Watoto wako darasa gani, na wakirudi wataingia katika mtaala gani? Haya si mambo ya kimwili tu. Mmishenari anaweza kurudi nyumbani kabla ya wakati kwa sababu ya karatasi, wakati sisi tunafunga tukidhani ni vita vya kiroho.

Tano, ahadi za kumtegemeza. Siku ya kumtuma, mikono mingi iliinuliwa. Tuliandika? Sasa tunaandika nani aliahidi, kiasi gani, na kimefika lini. Ukishindwa kuendelea, hali zinabadilika na tunaelewa, lakini tuambie ili tumwambie yeye. Kinachomuumiza mtu aliye mbali ni kunyamaziwa. Upungufu anaweza kuupangia.

Sita, kurudi. Ndugu mmoja alirudi baada ya miaka kadhaa ya huduma, akaja ibadani Jumapili bila kutangaza. Vijana wetu wa mlangoni, wengi wakiwa wamejiunga baada ya yeye kuondoka, walimkaribisha kwa furaha, wakampa kadi ya wageni na kumwomba asimame tumwone. Alisimama! Alicheka, na sisi tukacheka, lakini baadaye aliniambia ilimchoma. Antiokia walikusanyika wote kusikia habari za waliorudi. Basi tarehe ya kurudi iko kwenye rejista, na mwezi mmoja kabla yake wahudumu wa mlangoni wanaonyeshwa picha yake. Na akisharudi kukaa, tunabadilisha hali yake iwe "Yupo", ili asibaki mgeni nyumbani kwake.

KUKUMBUKA NI KULINDA PIA

Mtu mwingine atasema, "Kama ni hivyo, tutundike picha zao wote ukutani na tuweke habari zao kwenye kundi la WhatsApp la kanisa." Hapana. Hapa tunahitaji hekima.

Kuna nchi ambapo mtu anayemwamini Yesu, au aliyemsaidia mwingine kuamini, anaweza kupoteza kazi, kufukuzwa, kufungwa, au kuwaletea shida waumini wenyeji ambao hawana pasipoti ya kukimbilia. Ukituma picha ya ubatizo yenye nyuso, jina la mji na maneno "mmishenari wetu", hujui itaishia kwenye simu ya nani. Wewe umepata "Amina" ishirini, mwenzako anahojiwa.

Sheria yetu ya Kenya pia inasema. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu imani ya mtu, hali yake ya afya, hali yake ya ndoa, na habari za familia yake pamoja na majina ya watoto kuwa data nyeti. Ukiiangalia vizuri hiyo orodha, ni karibu kila kitu kilicho kwenye rejista ya kanisa. Mshirika ana haki ya kujua tunatumia habari zake kwa nini, kuziona, kutaka zisahihishwe, na kupinga zikitumiwa vibaya. Habari za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Na habari zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Kanisa haliko juu ya sheria hii, na hatupaswi kuhitaji polisi ili tumlinde ndugu yetu.

Kwa hiyo tuna orodha mbili. Ya wazi, inayotumika katika maombi, ina jina moja ambalo mmishenari mwenyewe amelichagua na eneo pana tu, kwa mfano "Asia". Ya ndani ina habari zote, na inafunguliwa na watu watatu peke yao, kila mmoja kwa nywila yake. Zamani nywila ilikuwa moja, imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya kompyuta. Mnacheka, lakini nendeni mkaangalie ofisini kwenu! Mmishenari mwenyewe ndiye anayesema kipi kisemwe hadharani na kipi kisisemwe. Na mfanyakazi wa ofisi akihama idara, ruhusa yake inafungwa siku hiyo hiyo.

Utauliza, "Nitamwombeaje mtu nisiyemjua jina lake lote?" Mpendwa, Mungu anamjua. Kazi yako ni kuomba, si kujua kila kitu.

JAMBO LA KUSHIKA

Katika Luka 10 Bwana Yesu anatuma wanafunzi sabini, wawili wawili. Wanarudi na furaha, pepo wamewatii. Yesu anawaelekeza kwenye furaha iliyo kubwa zaidi, kwamba majina yao yameandikwa mbinguni. Angalia anawaambia nani. Ni watu waliotumwa, bado wana vumbi la safari. Kitu alichotaka wakishike ni kwamba walipokuwa mbali, katika vijiji vya watu, majina yao hayakufutwa.

Mbinguni jina la dada yetu halikutikisika hata dakika moja. Lilifutwa ofisini kwetu tu. Nami sitaki tena orodha yetu ipingane na ile ya mbinguni.

Dada yetu bado anatumika kule. Tulipomrudisha kwenye rejista nilimwuliza kama angependa kuona rekodi yake, maana ni haki yake. Nikamtumia. Akaisoma, akasahihisha tarehe ya kuzaliwa ya mwanawe, halafu akaniandikia: "Mchungaji, mmeacha kuandika habari za Baba. Bado yuko, na sasa yuko peke yake." Tukaongeza. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, wawili kutoka kikundi cha nyumbani kilicho karibu hufika kwa mzee. Nasikia ana ukurasa wao katika daftari lake.

FANYA HIVI WIKI HII

1. Pitia ofisini au kwa kiongozi wa kikundi chako uthibitishe nambari yako ya simu na ya mtu wako wa karibu.
2. Kama una mtoto, ndugu au mwenzi aliye ng'ambo, mwulize kwanza kama anaridhia, kisha tuletee habari zake.
3. Kama uliahidi kumtegemeza mmishenari ukasahau, usijifiche. Njoo tuzungumze.
4. Futa kwenye simu yako picha yoyote ya mmishenari inayoonyesha nyuso za waumini wenyeji au mahali wanapokutana.

MASWALI YA KIKUNDI CHA NYUMBANI

1. Soma Matendo 14:26-28. Kwa nini unadhani Barnaba na Sauli waliona lazima kulieleza kanisa zima, na si viongozi peke yao?
2. Katika 1 Samweli 30:21-25, Daudi aliamua kwamba waliobaki na mizigo na waliokwenda vitani wapate fungu sawa. Sisi tuliobaki tunalinda "mizigo" gani ya waliokwenda? Ni ipi tumeiacha?
3. Je, kuna mtu aliyekuwa katika kikundi chenu ambaye mlisema "aliacha kuja" bila mtu yeyote kumtafuta? Mtajeni kwa jina katika maombi, kisha chagueni nani atampigia simu kabla ya Jumapili.

TUOMBE

Baba, wewe unawajua walio wako, kila mmoja kwa jina. Tusamehe pale tulipohesabu watu bila kuwabeba. Wakumbuke watumishi wako walio mbali, wazazi wao waliobaki, na watoto wao wanaokulia katika lugha za wengine. Tupe mikono ya uaminifu katika mambo madogo, hata katika kuandika. Ni katika jina la Yesu Kristo tumeomba. Amina.

Shalom, na tuonane Jumapili.

Mtumishi mwenzenu,
Mchungaji Msaidizi